Detroit: Tuzingatie, Tusishangilie

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Imekuwa ada ya baadhi ya wahadhiri wetu, wanapotaka kuthibitisha kwamba dola ya Marekani inaporomoka, kuutaja mji wa Detroit. Wasikilizaji huambiwa kwamba mji uliokuwa ukiunda magari ya dunia nzima umegeuka magofu, takbira hupigwa, na mhadhara ukaishia hapo. Hakuna anayeuliza: umeporomokaje? Nani aliuporomosha? Na je, hayo yaliyouporomosha hayapo kwetu?

Tunaandika kuwajibu ndugu zetu hao. Tunawajibu pia kundi la pili, nao ni wasomi wetu wa uchumi wanaotwambia kwamba viwanda vile viliuawa na wafanyakazi waliodai mishahara mikubwa, na kwamba riba haina hatia kwa kuwa bila hiyo hakuna maendeleo. Makundi haya mawili yanatofautiana katika kila jambo isipokuwa moja: yote mawili yametoa hukumu kabla ya kuitazama kadhia yenyewe. Na wanavyuoni wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

YALIYOTOKEA

Kampuni ya General Motors, maarufu kwa jina la GM, iliundwa mwaka 1908. Mwaka huo huo Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T, na hadi mwaka 1927 yalikwisha kuundwa zaidi ya milioni 15. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, kando ya Detroit, ulianzishwa mstari wa kuunganishia magari ambapo gari ndilo linalotembea na mfanyakazi husimama mahali pake. Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya ujira wa kawaida wa wakati ule. Watu wakamiminika kutoka kila upande. Sensa ya mwaka 1950 ilikuta Detroit watu 1,849,568. Mwaka 1962 GM peke yake iliuza karibu nusu ya magari yote yaliyonunuliwa Marekani.

Kisha tazama mwisho wake. Tarehe 30 Aprili 2009 kampuni ya Chrysler ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika. Tarehe 1 Juni 2009 ikafuata GM, ikiwa na madeni ya dola bilioni 172.8 dhidi ya mali ya dola bilioni 82. Tarehe 18 Julai 2013 mji wa Detroit nao ukatangaza kufilisika, ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Sensa ya mwaka 2010 ilikuwa imekuta watu 713,777 tu. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamepungua katika mji huo ndani ya miaka 60.

SHUBHA YA KWANZA: "NI ADHABU KWA UKAFIRI WAO"

Jibu letu ni kwa njia nne.

Kwanza, waliowashinda Wamarekani katika soko la magari ni Wajapani. Je, Wajapani ni Waislamu? Ikiwa ukafiri ndio uliokiangusha kiwanda cha Detroit, ni kitu gani kilichokinyanyua kiwanda cha Toyota?

Pili, GM ilirudi kupata faida mwaka 2010, na mji wa Detroit ulitoka katika ufilisi Desemba 2014. Ikiwa hasara ya mwaka 2009 ilikuwa dalili ya ghadhabu, je, faida ya mwaka 2010 ilikuwa dalili ya radhi? Hoja inayomlazimisha mwenye nayo kusema asilolikubali ni hoja batili.

Tatu, Allah (s.w.) ameujaalia ulimwengu huu kwenda kwa sababu. Anayelima kwa wakati huvuna, awe mwema au muovu, na anayelala msimu mzima hukosa, hata akikesha katika swala. Kukanusha sababu ni upungufu wa akili, kama ambavyo kuzitegemea badala ya Muumba wake ni upungufu wa tauhidi.

Nne, hao tunaowashangilia ni akina nani? Katika watu walioitikia wito wa Ford walikuwamo Waislamu kutoka Sham, na wakajenga msikiti Highland Park mwaka 1921. Wayemeni na Walebanoni walifanya kazi kwa miongo katika viwanda vya Dearborn na Hamtramck. Novemba 1973 wafanyakazi Waarabu wa kiwanda cha Dodge Main, Hamtramck, waligoma kupinga chama chao cha wafanyakazi kununua hati fungani za Israel. Walihatarisha riziki za watoto wao kwa ajili ya Palestina. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Basi yule anayepiga takbira kwa kufungwa viwanda vya Detroit, amejua takbira hiyo inaangukia nyumba za nani?

SHUBHA YA PILI: "WAFANYAKAZI WALIDAI KUPITA KIASI"

Haya ndiyo maneno ya matajiri wenyewe, na wasomi wetu wameyanukuu bila kuyapima. Kipimo kipo, tena kipo ndani ya historia ya GM.

GM ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosifika kwa ubovu wa kazi, utoro na migogoro. Ilikifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa GM na Toyota, uongozi ukiwa mikononi mwa Wajapani. Wengi wa walioajiriwa walikuwa ni wale wale wafanyakazi wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kikabaki kile kile. Baada ya muda mfupi magari yao yakakaribia ubora wa magari yaliyoundwa Japani. Ni nini kilichobadilika? Walipewa mafunzo, wakashauriwa, na kila mmoja akapewa haki ya kuvuta kamba na kuusimamisha mstari mzima akiona kasoro. Chini ya uongozi wa kale, mstari haukuruhusiwa kusimama. Gari lenye kasoro lilipita na kasoro yake, ikajulikana mbele ya safari. Watu ni wale wale na mikono ni ile ile. Aliyebadilika ni mwenye amri.

Ama hoja ya pensheni na matibabu, humo mna ukweli, lakini umegeuzwa kichwa chini. Mwaka 1950 GM na chama cha wafanyakazi, kikiongozwa na Walter Reuther, walitia saini mkataba wa miaka mitano uliowapa wafanyakazi pensheni na bima ya matibabu, nao wakaipa kampuni utulivu wa kazi. Kampuni ziliridhia ahadi hizo kwa sababu ahadi ya kesho ni rahisi kuliko fedha ya leo. Kila mkataba uliofuata uliongeza ahadi. Na kwa kuwa dola ya Marekani haikuwawekea raia wote bima ya matibabu, mzigo ulikaa juu ya bei ya gari. Katikati ya miaka ya 2000 GM ilikuwa ikigharimia matibabu ya watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wastaafu na jamaa zao, kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka.

Mfanyakazi alikosea nini hapo? Aliahidiwa sehemu ya ujira wake uzeeni, akafanya kazi miaka 30 akiamini. Ahadi hiyo ni deni. Na onyo lilikwisha kuja mapema: Desemba 1963 kampuni ya Studebaker ilipofunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, ilibainika kwamba mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha. Maelfu ya wafanyakazi walipata sehemu ndogo ya haki yao, na wengine hawakupata kitu. Ilichukua hadi mwaka 1974 kutungwa sheria ya kulinda pensheni. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hawa jasho lilikauka, wakazeeka, kisha wakaambiwa kwamba wao ndio walioifilisi kampuni!

SABABU TATU

Baada ya kuziondoa shubha hizo mbili, tunazitaja sababu zilizoonekana na kila mwenye macho.

Ya kwanza ni israfu iliyozaliwa na kiburi. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwa sababu ya vita vya Ramadhani, bei ya pipa ilipanda karibu mara nne katika miezi michache. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, ikapanda tena. Mmarekani akageukia gari dogo la Kijapani lisilokula mafuta mengi wala kuharibika ovyo. Badala ya kujifunza, wenye viwanda walikimbilia kwenye kinga: mwaka 1981 serikali yao iliishurutisha Japani ijiwekee kikomo cha magari milioni 1.68 kwa mwaka. Matokeo yake Wajapani walijenga viwanda ndani ya Marekani kwenyewe, Honda ikianza kuunda magari Marysville, Ohio, mwaka 1982.

Mafuta yaliposhuka bei, Detroit ilirudia yale yale. Iliweka nguvu zake katika magari makubwa yanayokunywa mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani, kwa kuwa humo mlikuwa na faida nono, na kwa kuwa malori madogo ya kigeni yalitozwa ushuru wa asilimia 25 tangu mwaka 1964. Kisha katika kiangazi cha mwaka 2008 galoni ya petroli ikapita dola 4, na magari yale yakabaki viwanjani hayana mnunuzi. Novemba ya mwaka huo wakuu wa kampuni tatu walikwenda Washington kuomba msaada wa fedha za umma, kila mmoja ndani ya ndege ya kampuni yake! Ibn Khaldun, Allah amrehemu, alieleza zaidi ya miaka 600 iliyopita jinsi dola inavyojengwa na kizazi cha tabu na kuharibiwa na kizazi cha anasa. Hakuwa akizungumzia viwanda, lakini kanuni ni moja.

Ya pili ni ghishi. Sote tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkana mwenye kughushi. Sasa tazama. Mwaka 1973 ndani ya kampuni ya Ford uliandikwa waraka wa kupinga kanuni ya usalama wa matangi ya petroli. Waandishi walipima gharama ya dola 11 kwa kila gari dhidi ya watu 180 waliokadiriwa kufa kwa kuungua, na kila roho wakaithamini kwa dola 200,000, kipimo walichokichukua kwa serikali yao. Hesabu ikatoka kwamba tengenezo halina faida. Na magari ya GM yaliyoundwa kabla ya ufilisi yalikuwa na swichi mbovu ya kuwashia injini, iliyoweza kulizima gari likiwa katika mwendo na kuizuia mifuko ya hewa isifunguke. Miongoni mwa wahandisi walikuwamo walioijua kasoro hiyo kwa takriban miaka 10. Magari hayo hayakuitwa hadi mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mnunuzi aliyeghushiwa mara moja hanyamazi. Humwambia mwanawe, na mwanawe humwambia rafiki yake. Sehemu ya GM katika soko la nchi yake, iliyokuwa karibu nusu mwaka 1962, ilikuwa takriban asilimia 22 mwaka 2008.

Ya tatu ni riba, nayo ndiyo wasomi wetu wasiyotaka kuitazama. Mwaka 1919 GM ilianzisha kampuni tanzu ya kuwakopesha wanunuzi, ikiitwa GMAC. Taratibu mtoto akawa mkubwa kuliko mzazi. Mwaka 2004 faida ya GMAC ilikuwa takriban dola bilioni 2.9, ilhali faida ya GM yote kwa ujumla ilikuwa takriban dola bilioni 2.8. Maana yake ni kwamba magari hayakuiletea kampuni kitu. Kampuni kubwa ya magari duniani ilikuwa ikiishi kwa kukopesha. Na GMAC haikukomea kwenye magari, bali iliingia katika mikopo ya nyumba, ile ile iliyowakopesha watu wasioweza kulipa. Soko la nyumba lilipoanguka, iliyokuwa nguzo ikawa shimo, na GMAC peke yake ikahitaji zaidi ya dola bilioni 17 za serikali. Tawi lake la mikopo ya nyumba likafilisika mwaka 2012.

Msiba haukuishia kiwandani. Mwaka 2005 na 2006 mji wa Detroit, ulipokosa fedha za kuweka katika mifuko ya pensheni, ulikopa takriban dola bilioni 1.4 na kufunga pamoja nao mikataba ya kubahatisha kupanda na kushuka kwa viwango vya riba. Viwango vikashuka, na mji ukajikuta ukizilipa benki mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 2014 ulilipa dola milioni 85 ili tu ujitoe katika mikataba hiyo. Riba na kamari vilikutana katika karatasi moja. Na walipokuja kugawana hasara, wastaafu wa mji, waliokuwa wafagiaji, makarani na mafundi, walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni zao. Baada ya hapo nani atatwambia kwamba aya za Suratul Baqara zinazotangaza vita dhidi ya wala riba zilikuwa za wafanyabiashara wa Makka peke yao?

NA LAU MTU ATAULIZA

Lau mtu atauliza: mbona Toyota nayo hukopa na kukopesha, wala haikufilisika? Tutamjibu kwamba hatukusema riba ni sababu pekee. Tumesema ni mojawapo ya sababu tatu zilizoshikana. Kisha Toyota yenyewe ilinusurika kufilisika mwaka 1950 kwa mkopo wa mabenki, ikawafukuza wafanyakazi wengi, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Somo walilolichukua ni kujitegemea kwa akiba yao wenyewe. Mwaka huo huo Eiji Toyoda alikwenda kukitazama kiwanda cha Ford cha River Rouge, akarudi na elimu bila kuona haya ya kujifunza kwa aliyewashinda vitani. Wala hatuwatakasi. Mwaka 2014 Toyota ililipa dola bilioni 1.2 nchini Marekani kwa kuwaficha wanunuzi ukweli kuhusu magari yaliyokuwa yakienda mbio bila kukusudiwa. Ghishi haina taifa.

YANAYOTUHUSU

Ndugu zetu katika imani, sisi tunaoishi kwenye pwani hii tunapanda magari ya Kijapani yaliyotumika, yashushwayo Mombasa na Dar es Salaam kwa maelfu. GM iliyounganisha magari Nairobi tangu miaka ya 1970 iliuza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017 ikaondoka. Tumekuwa watazamaji wa mbio za wengine, kisha tunashangilia mmoja wao akijikwaa! Ummah ulioamrishwa kuandaa nguvu kiasi uwezavyo hauna haki ya kushangilia hivyo.

Basi tujipime kwa sababu zile zile. Israfu: ni misikiti mingapi yetu imenakshiwa ikapambwa, na kando yake hakuna hata karakana moja ya kuwafunza vijana uashi, umeme na umakanika? Ghishi: fundi wetu anayefunga kipuri cha bandia na kulipisha bei ya kipuri halisi, na dalali anayerudisha nyuma hesabu ya kilomita, anaposwali safu ya mbele anadhani lundo lake halitatiwa mkono? Ahadi: kamati inayomwahidi mwalimu wa madrasa mshahara, kisha mwezi wa tatu ikamwambia asubiri kwa kuwa malipo yake yako Akhera, imetofautianaje na Studebaker? Riba: kijana anayechukua bodaboda kwa mkopo, akalipa karibu thamani ya pikipiki mbili ili apate moja, nani kati ya matajiri wetu amemfuata na ubia wa halali?

Njia zipo. Benki zinazojinasibu na sheria ya Kiislamu zimefunguliwa, Gulf African nchini Kenya mwaka 2008 na Amana nchini Tanzania mwaka 2011. Ni juu yetu kuzitumia, na pia kuzihoji, ili murabaha isiwe riba iliyovishwa kanzu. Lakini benki peke yake haitoshi. Tunawataka matajiri wa kila mji waketi na mafundi waaminifu na kufunga nao mudharaba: huyu atoe mtaji, yule atoe kazi, na faida igawanywe kwa walivyokubaliana. Tunazitaka kamati za misikiti zitenge sehemu ya mali ya wakfu kwa karakana, na zilipe madeni ya walimu kabla ya kununua zulia jipya. Na tunawataka wahadhiri wetu, kabla ya kutaja taifa lililoanguka, wasome kwanza limeangukaje.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba zake ni nani muflisi, wakamjibu kwamba ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawafahamisha kwamba muflisi wa Ummah wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, hali ya kuwa amemtukana huyu na kula mali ya yule. Mema yake yatagawiwa aliowadhulumu, na yakiisha, atabebeshwa maovu yao. Ufilisi wa GM ulichukua siku 40 mahakamani, na sehemu kubwa ya madeni yake ikafutwa. Ufilisi huu mwingine hauna hakimu wa kufuta deni. Kila mmoja wetu aangalie daftari lake angali hai.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke, na asitujaalie kuwa mazingatio kwa wengine kabla ya sisi wenyewe kuzingatia. Wabillahi tawfiq.